Uvundo Katika Gari la Mwantumu

Kinachonuka hakifukizwi, hutolewa.

Jana mmemsikia Bi Rehani akimrushia mjomba wenu maneno hayo mbele ya kamati, na leo mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Haya, kaeni. Asiye na kazi mikononi anisaidie kuchambua choroko. Methali nyingi hazina mwenyewe, lakini hii mwenyewe namjua. Alikuwa mwanamke wa huku huku kwetu, upande wa barabara iendayo Babati. Wala hakuitoa kwa utulivu wa watu wazima waliokaa wakafikiri. Aliitoa kwa hasira, na chanzo cha yote kilikuwa gari.

Mwantumu binti Salimu alikuwa akiuza vitambaa minadani. Alizunguka na kanga, vitenge na mashuka, leo mnada wa huku, kesho kutwa wa kule. Gari lake lilikuwa Pijo, lile refu la viti vya safu tatu, rangi ya maziwa. Alilipata baada ya miaka mingi ya kubeba mafurushi kichwani, na alilipenda kuliko mtu anavyopaswa kulipenda bati. Dereva wake alikuwa Idrisa, mwanawe wa pekee, kijana mrefu mwenye maneno matamu. Mumewe, Mzee Swalehe, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Mpole, hapendi ugomvi, sauti yake huisikii mpaka umsogelee. Ukali wote wa nyumba ile aliachiwa Mwantumu. Akipandisha sauti, hata kuku walihama uani.

Basi siku moja mnadani mteja alichagua doti la kanga, akalikunjua, akalileta karibu na pua.

"Mama, mzigo huu umetoka wapi?"

"Dodoma mjini, dukani. Kwani vipi?"

"Unanuka."

Yule mwanamke aliirudisha kanga kwa ncha za vidole, akaenda meza ya jirani. Mwantumu alifungua kinywa amtukane, ila aliinusa kanga kwanza, na tusi likafia mdomoni. Ilikuwa kweli. Ilikuwa harufu nzito, tamutamu, ile inayokwama kooni hata ukitema mate. Akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari. Joto lilimpiga usoni pamoja na uvundo, akarudi hatua nyuma huku ameziba pua kwa mtandio.

Siku ile hakuuza kitu cha maana. Njiani kurudi alikuwa akifoka tangu mnadani mpaka mlangoni kwake. Kwanza lawama zilimwangukia Mama Tatu, jirani aliyempa lifti wiki iliyotangulia akiwa na gunia la dagaa. Alikwenda mpaka kwake, akamwita nje.

"Nimekubeba bure kwa wema wangu, nawe umenimwagia maji ya samaki garini!"

"Dagaa wakavu, Mwantumu! Dagaa wakavu wana maji gani?" Mama Tatu naye alikuja juu. "Tena gunia niliweka miguuni. Kanuse kwako, usinusie kwangu!"

Wakaachana vibaya, na hawakusemeshana muda mrefu baada ya hapo.

"Ni panya, mama," Idrisa alisema. "Ameingia mahali akafa. Mimi gari nimeliosha, si umeona? Nimeliosha lote, na sabuni nimetia."

Na kweli aliliosha. Mwantumu mwenyewe alikuwa amemwona akisugua sakafu ya gari tangu asubuhi, kitu ambacho Idrisa hakuwa na mazoea nacho, akamsifia kwa majirani kwamba mtoto amekua. Basi akamwamini. Alimwita fundi akachungulia injini asione panya wala mkia wa panya. Alianika mazulia ya mpira juani. Alipaka ndimu milango. Siku ikipoa kidogo harufu ilijificha, jua likiwaka ilirudi na wenzake.

Mzee Swalehe ndiye aliyekuja na dawa ya udi. Siku ya kwanza aliingia na fagio nyuma ya gari, akakaa humo muda, akatoka uso umesawijika. Kisha akaenda kuleta chetezo, akatia makaa na udi mwingi, akakiweka sakafuni na kufunga vioo vyote. Alifanya hivyo siku ile, na siku ya pili, na ya tatu. Akanyunyizia marashi viti. Mwantumu alipoingia garini alikutana na kitu kibaya kuliko uvundo peke yake. Alikutana na uvundo uliovaa manukato, kama maiti iliyopambwa kwenda harusini. Akatoka akitapika.

"Baba Idrisa, hii si dawa!"

"Vumilia," mumewe alimjibu kwa ile sauti yake ya chini. "Itakwisha yenyewe. Kila harufu hufika mahali ikaisha."

Wakati huo kijiji kilikuwa na shauri lake. Bi Mwanaidi, mjane aliyekaa karibu na korongo, alikuwa amepotewa na ng'ombe wake wa maziwa siku chache kabla ya mnada ule. Ndiye aliyemtegemea kulisha wajukuu, na alimvisha shingoni mkanda wa ngozi wenye njuga. Sikio la kushoto lilikuwa na mapengo mawili, kwani ukoo wa marehemu mumewe uliweka alama hiyo kwa mifugo yake yote. Kesho yake wanawake waliokwenda kuni walikuta matumbo na kwato korongoni, nzi wamejaa. Nyama haikuwepo, kichwa hakikuwepo.

Aliyekuwa akimchunga ng'ombe huyo ni Chilongani, Mgogo, mtu mzima aliyehamia pale na mkewe na ng'ombe wake wachache. Alisema ng'ombe alimpotea mchana, akamtafuta mpaka kiza kikaingia. Nani amsikilize? Alikuwa mgeni, na mgeni ndiye anayekuwa wa kwanza kuhesabiwa kitu kikipotea. Watu walipokusanyika kwake, Mwantumu alikuwa katikati yao, na sauti yake ndiyo iliyopanda kuliko zote.

"Huyu huyu! Mimi nimemwona kwa macho yangu akizungukazunguka kule korongoni!"

Alikuwa amemwona, ndiyo. Mtu anayetafuta ng'ombe atazunguka wapi kama si korongoni? Hilo hakulifikiri. Neno lake lilitosha. Vijana walimshika Chilongani wakampiga, na Idrisa alikuwamo, tena alikuwa mbele. Wakamfungia katika ghala la mahindi la kijiji. Mzee Swalehe alitangaza kwamba Ijumaa kabla ya swala kutakuwa na baraza, lakini uamuzi ulishajulikana kabla ya baraza. Chilongani afukuzwe, na ng'ombe wake wapewe Bi Mwanaidi.

Ijumaa asubuhi Mwantumu alikuwa uani akisugua gari tena, hasira imemkaa kifuani kama kaa la moto, kwa sababu mnada wa pili ulikuwa umempita. Akatokea Nyemo, mke wa Chilongani, macho yamevimba, kibuyu cha uji mkononi.

"Hodi, mama. Mlinzi wa ghala hataki nimpe mume wangu uji. Nimekuja kwa mwenyekiti aniruhusu."

"Mwenyekiti anatawadha. Na mwizi hali uji wa watu!"

"Mume wangu si mwizi, mama."

"Toka kwangu! Mmekuja na njaa zenu kumaliza ng'ombe za wajane, na sasa unanizungumzia uji!"

Nyemo hakutoka. Alikuwa anatazama ule mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Pua yake ilikuwa imekunjamana.

"Mama," akasema taratibu, "siku ile korongoni nilikuwepo. Niliwasukuma nzi kwa mikono yangu nione kama ni ng'ombe wetu. Harufu ya pale naijua. Gari lako linanuka vile vile."

Hapo ndipo Mwantumu alipokaribia kumpiga. Alimwinulia mkono, mkono ukabaki juu. Mwanamke yule hakukinga uso. Alisimama tu, kibuyu chake kifuani.

"Simama hapo hapo!" Mwantumu alimfokea. "Usiondoke! Nitaling'oa gari hili lote mbele ya macho yako, upate panya wako, umbebe umpeleke kwa mumeo!"

Na aling'oa. Alichukua spana, akafungua kiti cha nyuma kabisa, akakivuta kwa nguvu mpaka kikaangukia uani. Akachana zulia. Chini ya zulia palikuwa na sponji, na sponji ilikuwa na doa jeusi, pana, lililokauka pembeni na kubaki na unyevu katikati. Mwantumu aliligusa. Akanusa kidole. Mikono yake ikaanza kwenda haraka.

Pembeni, karibu na gurudumu, magari yale yana kishimo cha bati cha kuwekea jeki. Kifuniko chake kilikuwa kimepinda, kimeacha upenyo. Alikisukuma kikafunguka, na uvundo ukatoka wote kwa pamoja, hata Nyemo aliyekuwa mbali akageuza uso. Ndani palikuwa na mfuko wa nailoni uliotumbukia ukakwama nyuma ya jeki. Mwantumu aliuvuta, ukachanika mikononi mwake. Yakaanguka masikio mawili ya ng'ombe yaliyooza, na mkanda wa ngozi ulioganda damu. Njuga ikalia mara moja ilipogonga ardhi.

Sikio la kushoto lilikuwa na mapengo mawili.

"Mama Idrisa, acha!"

Mzee Swalehe alikuwa amesimama mlangoni, kanzu imelowa mikono, miguu bado ina maji. Mwantumu alimgeukia. Alitegemea kuona mtu aliyeshangaa. Alimwona mtu aliyeogopa, na mshangao na hofu havifanani.

"Ulijua," alisema.

"Punguza sauti."

"Ulijua!"

"Nilijua juzi juzi tu, nilipofagia nikaona damu." Mzee alimtupia jicho Nyemo, akazidi kushusha sauti. "Nilimuuliza kijana, akaniambia yote. Alikuwa na wenzake wa mjini. Walimkuta ng'ombe barabarani. Alikata masikio ili mnunuzi wa nyama asiuone ule mkato, na mfuko akadhani ulidondoka njiani. Alitaka pikipiki, mama Idrisa. Ujinga wa ujana. Ni mtoto wetu mmoja, hatuna mwingine."

"Na yule aliyeko ghalani?"

"Yule ataondoka tu, ataanza maisha mahali pengine. Hawa watu wamezoea kuhamahama."

Nyemo alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Mwantumu alitazama kile chetezo kilichokuwa pale uani, majivu ya udi bado yamo. Siku zote zile mumewe alikuwa akiinama garini na makaa yake, akifukiza damu ya ng'ombe wa mjane, huku mtu asiye na kosa amelala juu ya magunia na mbavu zimevunjika. Naye Mwantumu alikuwa akimwona mume mwema anayehangaikia gari la mkewe. Alikipiga chetezo teke, kikagonga ukuta kikapasuka vipande.

"Na hiyo kanzu umeivaa uende ukahukumu?"

Mzee Swalehe aliinama kuokota vipande vya chetezo.

Mwantumu aliyakusanya masikio na mkanda kwa kanga yake mwenyewe, mpya, haijafuliwa hata mara moja. Akamfungulia Nyemo mlango wa mbele. Kuendesha alijua kidogo tu, kule kwa kukwaruza gia na kusimama ghafla, lakini asubuhi ile aliliendesha mpaka penye baraza, milango ya nyuma ikipigapiga, kiti cha tatu kimebaki uani.

Watu walikuwa wamefika, wameanza kukaa. Idrisa alikuwa nao, ameegemea ukuta wa ghala na vijana wenzake, akicheka. Alipomwona mama yake kwenye usukani, na aliyekaa pembeni yake, kicheko kilimkatika.

Mwantumu hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipokaa Bi Mwanaidi, akapiga magoti, akafungua kanga miguuni pake. Bi Mwanaidi aliinama, akaitambua njuga kabla ya kitu kingine. Akauweka mkono kinywani.

"Vimetoka ndani ya gari langu," Mwantumu alisema, na kila mtu alimsikia. "Aliyeviweka ni mwanangu Idrisa. Yeye na wenzake ndio waliochinja. Na mimi ndiye niliyepiga kelele mkamshika Chilongani. Mfungulieni."

Idrisa aliondoka ukutani, akaanza kujivuta kuelekea kichakani, lakini vijana wale wale aliokuwa akicheka nao walimziba njia. Walikuwa wamempiga mtu kwa ajili yake, na mikono yao iliwauma.

Hapo alifika Mzee Swalehe, anahema, kanzu haijafungwa vizuri. Mzee Kimolo, mshauri wake wa siku zote, alimshika mkono akamkalisha, kisha akasimama yeye.

"Ndugu zangu, haya ni mambo makubwa, na kijiji chetu kina heshima yake. Tusiyapeleke mbali. Chilongani afunguliwe, apewe pole. Mwenyekiti atamtafutia Bi Mwanaidi ng'ombe mwingine. Tusome dua, tuombeane msamaha, tulifunike hapa hapa. Mtoto ni wetu. Mwenyekiti ni wetu. Wa nini polisi?"

Vichwa vilianza kutikisika kukubali. Ndivyo ilivyo, watu wanapenda mahali pepesi pa kutokea. Hata Bi Mwanaidi, kwa woga wa mwenyekiti, alikuwa anainamisha kichwa.

Mwantumu aliinuka. Wanaosimulia wanasema machozi yalikuwa yanamtoka pasipo yeye kuyafuta, kwa sababu huyo aliyekuwa anamsema alimzaa mwenyewe na hakuwa na mwingine.

"Mzee Kimolo, nyumbani kwangu wamefukiza udi siku nyingi! Wamemwaga marashi! Wameniambia nivumilie, itakwisha yenyewe! Imekwisha? Kanuseni gari langu, liko pale! Siku zote hizo za udi na marashi, masikio yalikuwa mle mle yanaoza, na mtu alikuwa mle ghalani anakohoa damu! Sasa na wewe umetuletea chetezo chako hapa barazani. Hatutaki! Kinachonuka hakifukizwi, hutolewa!"

Akamnyooshea Idrisa kidole. "Mtoeni." Kisha kidole kikahama, taratibu, kikasimama kwa mumewe. "Na huyu mtoeni kwenye kile kiti."

Hakuna aliyesema tena habari ya kufunika. Idrisa alipelekwa kituoni siku ile ile, na wenzake wa mjini walikamatwa baada yake. Mahakama ilimfunga. Mzee Swalehe aliuweka muhuri wa kijiji mezani kwa mkono wake mwenyewe, akarudi nyumbani kwa miguu. Aliishi na Mwantumu mpaka akafa, lakini walioijua nyumba ile wanasema hawakula tena sahani moja. Gari lilikaa uani bila kiti cha nyuma, na Mwantumu hakulipanda tena. Minadani alirudi kwa kubeba furushi.

Chilongani walipomtoa ghalani alishindwa kunyooka. Mkewe alimpa uji, akaunywa wote amesimama, mkono mmoja umeshika ukuta. Mwantumu alimpigia magoti, akamwomba radhi. Bi Mwanaidi naye alimsihi abaki, amchungie kama zamani.

Chilongani akamgeukia Mwantumu.

"Mama, siku ile ulipaza sauti nikafungwa. Leo umepaza sauti nikafunguliwa. Sauti yako ina nguvu sana. Mtu mwenye sauti kama hiyo anatakiwa anuse nyumbani kwake kwanza."

Hakusema kwamba amesamehe, na wala hakusema kwamba hakusamehe. Alikusanya ng'ombe wake, mkewe akabeba vyombo, wakaondoka wakifuata barabara ya kusini. Hawakuonekana tena. Watu wengi walitegemea Mwantumu angesema maneno yale ni ya ukatili, baada ya yote aliyoyatoa siku ile. Hakusema. Aliwaambia wanawake wenzake kwamba mtu yule alimwambia kweli, na kwamba alistahili kuambiwa zaidi.

Neno lake lilibaki kwetu. Likaanza kwa wanawake waliokuwa barazani, likaingia sokoni, likafika msikitini, na sasa mnalisikia kwenye vikao vyenu watu hawajui hata kama kulikuwa na gari. Mkilisikia, mjue halizungumzii usafi. Linamzungumzia mtu aliyeuona uovu ndani ya nyumba yake, akauwekea marashi kwa sababu ni wake, na mwingine nje akawa anaulipia kwa mbavu zake. Mtu wa namna hiyo haambiwi taratibu. Anaambiwa alivyoambiwa Mzee Kimolo, kwa sauti, mbele za watu: kinachonuka hakifukizwi, hutolewa.